Namna ya Kuirudisha R Iliyotoroka: Mwongozo wa Nyumbani kwa Watu wa Namswea na Jirani Zao

Mwongozo huu ni wa msomaji aliyezaliwa Namswea, Langiro, Litembo, Mbamba Bay au popote pale kati ya milima ya Umatengo na ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambaye siku moja alisimama mbele ya watu wa mjini, akafungua kinywa aseme jambo la maana kuhusu bei ya kahawa, na watu wakacheka kabla hajafika kwenye bei. Hoja yake ilikuwa sahihi. Kosa lake ni kwamba alianza kwa kusema, "Habali zenu."

Mahitaji: ulimi mmoja, kioo kidogo, kokoto safi za kutosha kiganja, jirani asiye na haya, na subira. Muda wa kutekeleza: kwa mtoto, miaka michache, kwa mtu mzima, mpaka apate kazi, kwa lugha nzima, karne kadhaa, tena ikijitahidi.

Hatua ya kwanza: Kagua chombo

Simama mbele ya kioo. Weka ncha ya ulimi kwenye ufizi, nyuma ya meno ya juu. Ukiituliza hapo na kuiachia hewa ipite pembeni, umepata L, ambayo vyuoni huitwa kitambaza. Ukiipigisha ncha hiyo mara moja upesi na kuiondoa, umepata R ya mazungumzo ya kila siku. Ukitaka R ya kuhutubia, legeza ncha, sukuma pumzi kwa nguvu, na ulimi utapepea kama bendera ya ofisi ya kata siku ya upepo; hicho ndicho kimadende chenyewe. Ukiziba hewa yote kisha ukaiachia kwa ghafla, umepitiliza kituo. Umeshukia kwenye D.

Zingatia kwamba sauti zote tatu zinapikwa mahali pamoja kwa ncha ileile ya ulimi. Tofauti yao ni muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Taifa linalotegemea tofauti ndogo kiasi hicho kutenganisha kupiga kura na kwenda kula lina ujasiri wa kipekee, nasi tulipongeze.

Zingatia pia umri wa chombo. Mtoto wa Namswea, sawa na mtoto wa Unguja au wa Oslo, huanza na sauti za midomo, ndiyo maana mama na baba hutajwa mapema. R ni miongoni mwa zinazochelewa. Rehema wa miaka mitatu atajiita Lehema, na nyumba nzima itasema, "Jamani, katoto!" Rehema huyohuyo akijiita Lehema akiwa na miaka 30, mbele ya jopo la usaili, hakuna atakayesema jamani. Huko mbele, meno yakianza kupungua, R yake itaanza tena kuyumba, na wajukuu watajifunza kutoka kwake. Katikati ya utoto na uzee kuna lita ya pili ya ulanzi, ambayo huwarudisha wanaume wazima darasa la awali bila kuwauliza cheti.

Hatua ya pili: Tafuta wa kulaumiwa

Desturi inataka lawama zimwendee bibi. Kimatengo ni lugha inayoipenda L, na ushahidi uko shambani. Wamatengo wamejulikana duniani kwa kilimo cha mashimo kwenye miteremko mikali: nyasi hulazwa kwa mistari inayokatana, udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi hizo, likabaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasikimbie na rutuba bondeni. Wenyewe wanasema ngolo. Kwenye taarifa za Kiswahili imekuwa ngoro. Shimo ni lilelile na maharage ni yaleyale, ila ngoro huandaliwa semina, na ngolo huachiwa jembe.

Kama bibi hatoshi, walaumu Wangoni. Mababu zao walitoka kusini mwa Afrika chini ya Zwangendaba, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na baada ya safari ndefu vizazi vyao vikaitawala nchi ya Songea. Lugha waliyoondoka nayo ilikuwa ya jamii ya Kizulu, ambayo kwa asili haikuwa na R. Kwa hiyo jeshi lililoogopwa na nchi nzima lingeweza kabisa kusema "habali", na historia haimtaji hata mtu mmoja aliyethubutu kucheka. Weka kumbukumbu hii mfukoni, itakufaa baadaye.

Kabla hujamaliza kulaumu, tazama kaskazini. Mkurya wa Tarime ana tatizo hilohilo kwa upande wa pili: lugha yake inapenda R, kwa hiyo hula chakura. Jirani yake wa Kenya, Mkikuyu, ana alfabeti isiyo na L kabisa. Hapa mwongozo unapendekeza biashara. Ruvuma ina ziada ya L, Mara ina ziada ya R. Tumezoea kuuza mazao kwa stakabadhi ghalani, basi tukusanye L zetu kwenye vyama vya msingi, zipimwe, zipewe daraja, zipelekwe Tarime kwa lori, na lori lirudi limejaa R. Zimbabwe wangekuwa wa kwanza kunufaika, maana Kishona sanifu hakina L na Kindebele cha asili hakina R. Nchi moja, ghala mbili, na hakuna anayemwazima mwenzake.

Hatua ya tatu: Fungua ramani

Msomaji wa Namswea ana mtihani ambao mtu wa Lindi hana: mkoa wake unaanza na R. Kila akiulizwa anatoka wapi, lazima akutane nayo mlangoni. Asijaribu kukwepa kwa kutaja mito, maana atakutana na Ruhuhu. Akisema anatoka Mbinga atapumua, mpaka aulizwe kata, na hapo aombe asiwe wa kata ya Ruanda, ambayo nyaraka nyingine huiandika Rwanda, akalazimika kueleza matamshi na uraia kwa pamoja.

Baada ya hapo, tazama ng'ambo ya ziwa. Wareno wa karne ya 17 waliandika habari za dola la Maravi. Tarehe 6 Julai 1964 nchi ya ng'ambo ilipata uhuru kwa jina la Malawi. R imekuwa L, V imekuwa W, na bendera ikapandishwa. Hakuna aliyeiambia nchi hiyo ikarudie darasa la kwanza. Katika Kichewa, R na L ni sauti moja yenye nguo mbili, na kanuni ya zamani ya uandishi ilisema: baada ya i au e andika r, kwingineko andika l. Waganda nao wanayo kanuni hiyohiyo, na iliwekwa rasmi katika mkutano wa tahajia wa mwaka 1947. Kitu kizuri ni ekirungi, mtu mzuri ni omulungi. Uzuri ni uleule, irabu iliyotangulia ndiyo inayoamua. Mwanafunzi wa Kampala hasimangwi kwa ulimi wake, anasahihishwa kwa kalamu tu, naye anasahau kwa amani.

Ukitaka kuona jinsi ndugu wa Kibantu walivyogawana urithi, waulize jina la kiungo chenyewe kinachosumbua. Mganda atasema olulimi, Mnyarwanda ururimi, Mkikuyu rũrĩmĩ, na Mswahili ulimi. Mmoja kachukua L zote, wawili wamechukua R zote, na wa nne kaitupa ya mwanzo akabaki na moja, kisha akajitangaza msanifu.

Hatua ya nne: Usimwulize Kiswahili sanifu L zake zilikokwenda

Hii ni hatua ya adabu. Kiswahili sanifu ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wake, Kamati ya Lugha ikaanza kazi Januari 1930, na BAKITA ikaundwa mwaka 1967 kumwangalia. Ukimkuta kwenye kamusi amevaa tai, msalimie, usipekue makabati.

Ukipekua utaona mengi. Utaona kwamba njaa ilikuwa njala, na mvua ilikuwa mvula, kama Wachewa wanavyosema hadi leo. Waswahili wa kale waliziangusha L hizo katikati ya irabu, moja baada ya nyingine, na hakuna mwalimu wa zamu aliyewapigisha magoti. Utaona kwamba ulimi mmoja ni ulimi lakini zikiwa nyingi ni ndimi. L imekutana na N ikageuka D mchana kweupe. Utaona mtu mrefu mwenye fimbo ndefu, na R nayo imefuata njia hiyohiyo. Utaona kamusi ikikubali lamba na ramba, mwali na mwari, bila kuona haya. Mtu wa Namswea akifanya jambo hilohilo na habari, kamusi inakohoa.

Kwenye maneno ya kigeni pekua taratibu zaidi. Tuliwapokea Waingereza wakati wao wenyewe wamekwisha kuipoteza R ya mwisho wa silabi. Enzi za Shakespeare bado iliyatetemesha majukwaa ya London; kufikia mwisho wa karne ya 18 wakubwa wa kusini mwa Uingereza walikuwa wameiacha. Ndiyo maana tukapata trekta, sista, kota na kompyuta, zote zikiishia kwenye irabu tupu. Neno daktari limeng'ang'ania R yake, pengine kwa sababu za kitabibu, na nambari imebaki ikigombana na namba ofisini. Kwa hiyo mtu anayekucheka kwa "habali" huku ameshika kompyuta, ameshika R iliyotoroka kwa mikono miwili.

Hatua ya tano: Fanya ziara ya mafunzo nje ya nchi

Ziara ni sehemu ya lazima ya mradi wowote. Anza ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji, ambako Kireno kinatawala ofisini. Kanisa kwa Kireno ni igreja, wakati Mhispania anasema iglesia na babu yao wa Kilatini alisema ecclesia. Nyeupe kwa Mhispania ni blanco, kwa Mreno ni branco. Wareno waligeuza L kuwa R kwa mkupuo, wakaandika mashairi, wakajenga dola, wakaja nayo mpaka Kilwa. Wahispania nao, msidhani wamesalimika: mti wa Kilatini, arbor, kwao umekuwa árbol.

Endelea Roma ya kale. Huko S ikikaa katikati ya irabu iligeuka R, hadi heshima yenyewe, honos, ikawa honor. Kisha nenda Paris. Zamani Wafaransa waliipigisha R kwa ncha ya ulimi kama tunavyofanya sisi. Kuanzia karne ya 17 hivi watu wa mjini wakaanza kuitengenezea kooni, na mtindo huo ukasambaa hadi miji ya Ujerumani na Denmark. Sikiliza vizuri: watu walioshindwa, au waliochoka, kuigonga R mahali pake, waliihamishia kooni, na leo wanafunzi wa dunia nzima wanalipa ada wafundishwe kugugumia hivyohivyo.

Malizia ziara nyumbani. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walifika Umatengo, kijijini Kindimba, kuchunguza namna watu wanavyoyatumia mazingira yao. Kijapani kina sauti moja tu mahali ambapo Kiswahili kina R na L. Mwanaisimu wa Kijapani, Nobuko Yoneda, akachapisha msamiati wa Kimatengo mwaka 2006. Ulimwengu umejaa lugha zinazotenganisha R na L kwa ukali, lakini aliyeketi na kuyaandika maneno ya Wamatengo alitoka kwenye lugha isiyozitenganisha. Bibi na Japani wanakaa karibu kuliko bibi na Kariakoo.

Hatua ya sita: Fanya mazoezi, lakini usizidishe dozi

Mzungumzaji mashuhuri wa Athene, Demosthenes, alizaliwa na ulimi mzito. Cicero anasema hakuweza kuitamka hata herufi ya kwanza ya jina la fani aliyokuwa akiisomea, yaani R ya retorika. Inasimuliwa kwamba alitia kokoto kinywani na kuhutubia hivyo mpaka ulimi ukanyooka. Kokoto za Mbamba Bay zinafaa. Zioshe kwanza. Usizitumie ukiwa umepanda bodaboda.

Zikitoka kinywani salama, jipime kwa kitanzandimi hiki, kilichotungwa maalumu kwa ajili ya milima yetu:

Rehema wa Langiro amempeleka fahali wa fahari mahali pa mbali, awe mahari kwa mbari ya akina Hyera, na karani aliyeshika kalamu akaila karamu.

Kisome mara tatu. Ikiwa fahari amefungwa kamba na fahali ameonwa machoni, pumzika. Ikiwa karani ameshika karamu na kula kalamu, pumzika zaidi.

Sasa dozi. Wagonjwa wengi hawafi kwa ugonjwa, hufa kwa dawa. Yuko mtu aliyekwenda mjini akagundua R, akaipenda, akarudi nayo na kuimwaga kila mahali. Anaomba chakura. Anamwita mwarimu. Anasema rugha yetu ni nzuri. Huyu ameitoroka L bila kuifikia R, na sasa anachekwa na pande zote mbili, kijijini kwa kujivuna na mjini kwa kukosea. Wapo pia watangazaji wa redio wanaoikunja R kwa nyuma kama wamekulia Chicago, hali mtaa wao unajulikana na mama zao wanasikiliza. Hawa mwongozo hauwezi kuwasaidia. Wanalipwa.

Dozi sahihi ni hii: uwe na R ya ofisini na L ya nyumbani. Benki sema, "Habari za kazi, naomba risiti." Ukifika kijijini, mama mkubwa akiuliza kwa sauti kutoka ng'ambo ya bonde kama umekula, usimjibu kwa R ya benki, atadhani umekuja kudai mkopo. Watu wengi wa kwetu hufanya hivi kila siku bila kufundishwa: mtu mmoja, safari ya saa mbili, ndimi mbili. Wanaowacheka wana ulimi mmoja tu, tena wa kuazima.

Hatua ya saba: Ukishindwa kabisa, hama

Wasil bin Ata aliishi Basra, akafariki mwaka 748, na ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa madhehebu ya Muutazila. Alikuwa msemaji hodari mwenye kasoro moja: R ya Kiarabu ilimshinda. Hakutafuta kokoto. Aliihama. Al-Jahiz, mwandishi mkubwa wa Basra, amesimulia jinsi Wasil alivyoyakwepa maneno yote yenye R akiwa amesimama anaongea. Ngano, kwa mfano, aliiita kwa jina lake lisilo na R. Ipo hotuba yake mashuhuri isiyo na R hata moja, aliyoitoa mbele ya gavana wa Iraki.

Njia hii inawezekana Namswea. Soma mfano:

Mwenzangu, ukiamka usihangaike na sauti usiyoiweza. Msalimie mzee hivi: "Shikamoo baba, umeamkaje?" Akikujibu, mwombe kitamu cha kutia kwenye chai. Ukitaka kwenda mjini, panda basi kwenye njia kuu. Ukifika, mtafute tabibu, wala usikitaje cheo chake cha kigeni. Uchaguzi ukija, sema unakwenda kumchagua diwani. Posa ikifika, zungumzia ng'ombe na fedha, usiitaje jumla yake kwa jina moja. Jioni wageni wakija, waambie, "Piteni ndani, viti hivyo hapo." Wape kahawa, ugali na dagaa wa ziwani. Ukiulizwa unalimaje kwenye mlima mkali namna ile, jibu bila hofu: ngolo.

Irudie aya hiyo ukitafuta R, hutaipata. Wala hutaona kwamba aliyeisema ana tatizo lolote, ila kwamba ni mtu wa maneno mengi kidogo, jambo ambalo kwa diwani si kasoro. Zingatia pia kwamba kahawa, mhimili wa uchumi wa Mbinga, haina R wala L. Ugomvi wote wa kahawa ni wa bei.

Hatua ya nane: Weka karatasi zako sawa

Ulimi unaweza kubadilika kila siku, lakini karani huandika mara moja. Umatengo una ukoo wa Ndunguru, wenye R yake kwenye madaftari. Karani mmoja akikusikia vibaya na kuandika Ndungulu, umezaliwa upya. Cheti cha kuzaliwa kitakuwa na mtu mmoja, cheti cha shule mtu wa pili, kitambulisho cha taifa mtu wa tatu, na wote watatu watakuwa wewe, ila benki itataka kuwaona pamoja. Dawa ni hati ya kiapo kwa wakili, ambamo utaapa kwamba herufi mbili zinazotengenezwa na ncha moja ya ulimi, mahali pamoja, zinamhusu binadamu mmoja. Utalipia. Kanuni ni hii: ukifika dirishani usitamke jina, liandike. Ukiulizwa kwa mdomo, taja herufi moja moja, na ukifika kwenye R sema, "Ile ya Ruvuma." Karani akiandika Luvuma, badilisha dirisha.

Tahadhari

Kicheko hiki kina upande usiochekesha, na mwongozo usioutaja haujakamilika. Oktoba 1937, kwa amri ya dikteta Rafael Trujillo, askari wa Jamhuri ya Dominika waliua maelfu ya Wahaiti waliokuwa wakiishi karibu na mpaka. Inasimuliwa kwamba askari walikuwa wakiinua kitawi cha kiungo cha mboga na kumtaka mtu ataje jina la kiungo hicho kwa Kihispania, perejil. Aliyekulia kwenye Krioli ya Haiti hakuigonga R hiyo kama Mhispania, na kwa wengine jibu hilo lilitosha. Sauti ile haikuwa na hatia yoyote. Mwenye bunduki ndiye aliyeamua kwamba ni mpaka.

Kwa hiyo anapotokea mtu kwenye kikao, kwenye usaili au kwenye kampeni anayetumia R kupanga watu wa kusikilizwa na wa kupuuzwa, acha kufanya mazoezi. Tatizo limehama kinywani mwako.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Mwanangu wa darasa la kwanza anasema "chula". Nifanye nini?*
Mpe muda, msomee, na ulitamke neno vizuri bila kumwigiza. Ikiwa miaka inapita na sauti haikai, mpeleke akaguliwe masikio na ngozi inayoushikilia ulimi kwa chini. Usimwambie ana kitembe mbele ya wenzake. Chura ataondoka, jina litabaki.

*Mchumba wangu ni Mkurya. Watoto wetu watasemaje?*
Watasema zote mbili, na mtawaogopa.

*Wimbo wa taifa nao niuimbe kwa R?*
Ndiyo. Imba kwa sauti kubwa. Kwaya ikiwa kubwa ya kutosha hakuna anayesikia.

*Nimefuata hatua zote nane na bado ninachekwa. Nimekosea wapi?*
Hukukosea. Mwache anayekucheka amalize, kisha umwulize kwa upole L ya njala aliiweka wapi. Atababaika kidogo, halafu atakueleza kwamba hayo ni mabadiliko ya kawaida ya lugha. Mshike mkono, umshukuru, umwambie kwamba na Namswea tunabadilisha lugha kwa njia hiyohiyo, tena kwa kufuata taratibu zote; tunachongoja ni kamati tu.